Mkeka Uliotundikwa Ukutani

Je, mama mwenzetu, umewahi kuona mkeka umetundikwa ukutani, watu wazima wamesimama mbele yake wanautazama, na hakuna hata mmoja anayevua viatu ili aukalie? Sisi tulikuwa hatujaona. Na tulipoona, tuliona katika picha tu, tena tukiwa Gando, mahali ambapo mkeka una kazi nyingi mno hata haupati nafasi ya kupanda ukutani.

Gando iko Pemba, kaskazini-magharibi ya mji wa Wete. Ukitoka Wete unapita katikati ya mikarafuu na migomba mpaka unaiona bahari na mikoko imesimama kwenye tope. Ulikuwa msimu wa karafuu. Nje ya nyumba yalikuwa yametandazwa majamvi, na juu yake karafuu za kila umri: zilizochumwa jana bado ni kijani zenye wekundu kidogo, za juzi zimeanza kuiva jua, na zile za siku nne tano zimekuwa za kahawia nzito, karibu na weusi. Jamvi moja kuukuu lilikuwa limekunjwa kando, halina kitu. Madoa ya karafuu yalikuwa yameingia ndani ya majani yake, doa juu ya doa, msimu juu ya msimu, mengine mekundu mengine meusi, na pembeni mahali ambapo karafuu hazifiki palibaki rangi ya majani makavu. Hakuna aliyelichora. Tunaomba msomaji alikumbuke jamvi hilo tunapoendelea.

Tulikwenda wawili, wauguzi tunaotoa siku zetu za mapumziko kuwatembelea wazee. Wenyeji wetu ni Waislamu, sisi ni watu wa kanisa, na jambo hilo halijawahi kutunyima sisi kikombe cha chai wala kuwanyima wao kipimo cha shinikizo la damu. Safari hii tulikuwa na hamu hasa ya kumjulia hali bibi mmoja ambaye hapa tutamwita Bi Mkubwa, kama wote wa pale wanavyomwita.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, wanangu. Karibuni barazani. Leo mmekuja na sindano au mmekuja na maneno?"

Tulikuwa tumekwenda na picha.

Kijana wetu anayesoma Kampala alikuwa ametuletea picha tano, amezichapisha kwenye karatasi ngumu. Alitwambia tu, "Mama, nimeona kazi iliyonikumbusha Pemba." Zilikuwa picha za kazi za Acaye Kerunen, msanii wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1981. Ukiziangalia kwa mara ya kwanza hujui uanzie wapi. Kuna vipande vya mkeka vilivyokatwa na kuungwa upya, kuna nyuzi za migomba, kuna nyuzi za mwale, ule mti wa jamii ya mnazi unaopenda majimaji, kuna matete, vyote vimeshonwa kwa mkono mpaka vikawa kitu kimoja kikubwa kinachoning'inia ukutani. Hakuna mtu ndani yake, hakuna nyumba wala ng'ombe. Kuna rangi na mikunjo, na ncha za majani zinazoning'inia kama mvua. Wataalamu huiita sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoonyesha sura ya kitu unachoweza kukitaja jina, bali hukuachia wewe hisia ya kitu hicho. Hisia iliyokuwamo katika picha zile ilikuwa ya bwawa: maji, majani, tope, na jua linalopenya.

Si kazi ya mtu anayejifurahisha nyumbani tu. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza, ikiwa na banda lake yenyewe, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, huko Italia, maonyesho yaliyoanza mwaka 1895. Kazi za Kerunen zilionyeshwa pamoja na za Mganda mwenzake, Collin Sekajugo, na waamuzi wakalitaja banda la Uganda kwa sifa ya pekee. Mikeka, naam, mikeka na majani ya bwawani, ndiyo iliyofika huko.

Wala hayuko peke yake. Huko huko Uganda kuna Sanaa Gateja, aliyezaliwa mwaka 1950, ambaye huviringisha karatasi zilizotupwa zikawa shanga, kisha huzishonea kwenye nguo ya magome ya mti wa mutuba. Nguo hiyo ni kongwe kiasi kwamba mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa wanadamu. Badala ya kununua turubai la kuchorea, Gateja huchukua gamba la mti na sindano.

Kwa nini tuliona ni jambo la kuwaonyesha akina mama wa Gando? Kwa sababu ya mkindu. Mikeka ya Waganda husukwa kwa majani ambayo wao huyaita ensansa, na ensansa ni jani la mti huu huu tuuitao mkindu. Mti mmoja, ukindu mmoja. Waganda nao husuka kwanza ukanda mrefu, kisha huunganisha kanda hizo kwa sindano.

Yeyote aliyekulia bara na kununua mkeka sokoni bila kuuliza, tunampa maelezo kidogo hapa, maana sisi wenyewe tuliishi miaka mingi tukilala juu ya mikeka bila kujua inavyopatikana. Kwanza hukatwa majani machanga ya mkindu, yale ya katikati ambayo hayajafunguka. Huanikwa juani mpaka yakawa meupe, kisha huchanwa kwa upana unaotakiwa. Yanayotiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi. Siku hizi rangi ni ya unga, ya dukani, lakini wazee wanakumbuka rangi za porini: magome ya mkoko kwa wekundu wa kahawia, mzingifuri kwa rangi ya machungwa, mizizi ya mdaa kwa weusi. Ndipo husukwa ukili, ukanda wa upana wa vidole vichache unaorefuka pima kwa pima. Ukili husukwa popote. Utamwona mama wa Pemba anatoka kisimani, anazungumza, anamkaripia mtoto, na vidole vinaendelea kusuka bila kuangaliwa. Ukishatosha, ukili hulazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka na magunia. Hapo ndipo macho yanapohitajika. Kusuka vidole vinaweza peke yao, ila kushona vinataka jicho.

Na sifa ya mshonaji wa Pemba ni moja: mshono usionekane. Maua ya ukili wa kwanza lazima yakutane na maua ya ukili wa pili, rangi iende moja kwa moja kana kwamba mkeka mzima ulizaliwa hivyo.

Basi fikirini picha zile zilipopita mkono kwa mkono pale barazani. Walikuwapo akina mama wanne na wasichana wawili.

"Huu mkeka umeliwa na panya," akasema mmoja, tukacheka wote.

"Haujaliwa, haujamalizwa tu," akasema wa pili. "Tazama, nyuzi zote nje."

Msichana mmoja, anayesoma kidato cha tatu, aliuliza swali tulilokuwa tunaliogopa, "Sasa, nesi, hii ni picha ya nini?"

Kabla hatujafungua kinywa, Bi Mkubwa alimjibu yeye. "Kwani lazima iwe ya kitu? Mkeka wangu una sura ya nani? Umelala juu yake tangu utotoni, hukuniuliza."

Kwa kweli hatujasikia maelezo bora zaidi ya sanaa dhahania kuliko hayo. Mwanamke anayesuka ukili mweupe, mwekundu na mweusi hachori jani wala wimbi, na bado ukiutazama mkeka wake kwa muda unaona mistari ya maji kupwa, unaona kivuli cha mnazi. Jamvi lile la karafuu nalo lilikuwa pale pale mbele yetu.

Msichana yule hakuridhika. "Na kwetu je, Zanzibar hii, hakuna?"

Yupo. Tulimweleza habari za Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Unguja mwaka 1954. Alikuwa na umri wa miezi minne tu baba yake alipofariki kwa malaria, na mama yake, ambaye alikuwa mbunifu wa vitambaa, akamchukua kwenda naye Uingereza. Alikulia huko. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo inayojulikana sana katika sanaa za Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Katika kazi zake kanga hurudi mara kwa mara, na mwaka 1999 alichora mfululizo wa picha zisizo na sura za watu, akauita Zanzibar. Sisi wauguzi, tuliowashika mikono wagonjwa wengi wa malaria, habari hii hatuwezi kuisimulia haraka. Homa moja ilimwondoa mtoto kisiwani, naye akatumia maisha yake akikitafuta kisiwa hicho kwa rangi na nguo.

Lakini turudi kwenye mshono, maana hapo palizuka ubishi.

Bi Mkubwa alikubali mkeka usiwe na sura. Asichokubali ni mshono kuachwa nje. "Huyu mwanamke wa Kampala anajua kushona?" aliuliza. "Kama anajua, mbona anauonyesha? Mshono ni kama kovu, mtu hulifunika."

Tulijaribu kumtetea Kerunen. Tulisema kwamba huyu hupokea kazi za akina mama wasukaji wa sehemu mbalimbali za Uganda, kila mmoja na ustadi wake, kisha huvifumua, huvikata na kuviunga pamoja. Mshono akiuficha, utadhani kazi yote ni ya mkono mmoja. Akiuacha, unaona wazi kwamba hapa ameishia mama huyu na hapa ameanza mama yule. Tuliongeza kwamba huko Venice yenyewe, miaka mia nne na zaidi iliyopita, wachoraji walichora juu ya turubai la kitani, nguo ile ile ya matanga ya meli, na picha ilipokuwa kubwa kuliko upana wa nguo walishona vipande viwili vitatu pamoja. Wao waliufunika mshono kwa rangi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na wavu begani alisimama aliposikia neno tanga. Alitukumbusha kwamba mitepe ya pwani hii ilitembea kwa tanga la mkeka, lililosukwa na kushonwa, na huko baharini hakuna aliyejali mshono unaonekana au hauonekani, mradi usifumuke.

"Na hao waliosuka, hulipwa?" aliuliza mama aliyesema habari ya panya. Swali hilo lilitupata barabara. Tulimwambia tunalolijua: kwamba Kerunen husema waziwazi kuwa kazi zake zina mikono ya wanawake wengi. Hata hivyo jina linaloandikwa magazetini ni la msanii. Tungependa majina ya wasukaji nayo yaandikwe, hata kama ukuta mzima utajaa. Mama yule alitikisa kichwa, akasema mkeka wake anaoupeleka sokoni Wete nao hauna jina, na anayeununua huuliza bei tu.

Ilikuwa katika ubishi huu ndipo sisi tulipoaibika.

Bi Mkubwa aliomba aone tena mshono wenyewe, ahakikishe. Akaichukua picha. Akaipeleka mbali na uso, akaipeleka mbali zaidi, mpaka mkono wake ukanyooka kabisa, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso. Kisha akampa mjukuu wake. "Niambie wewe, uzi unapita juu au chini?"

Tulitazamana.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, Bi Mkubwa alikuwa ametulalamikia kwamba haoni tundu la shazia, kwamba akishona nusu saa kichwa kinamgonga. Nasi tulikuwa na wazee wengine wa kupima, jua linazama, tukamjibu kwa haraka, "Bi Mkubwa, huo ni umri. Umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Hakubishana. Alipumzika. Alikuwa akiushona mkeka wa arusi ya mjukuu wake, yule yule aliyekuwa akimsomea picha. Aliukunja nusu yake, na ukili uliobaki akauviringisha na kuupandisha darini. Sisi tulidhani tumemhurumia.

Naam, ulikuwa umri, katika hilo hatukusema uongo. Lakini ni umri ambao una dawa yake, nayo ni ndogo, haina sindano. Kuanzia miaka arobaini hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa. Vitu vya mbali mtu anaviona kama kawaida: atamtambua jirani kutoka ng'ambo ya shamba. Vya karibu ndivyo vinavyopotea: mawe ndani ya mchele, tundu la sindano, maandishi kwenye chupa ya dawa ya mtoto. Atakisogeza kitu mbali ili akione, mpaka mkono uishe urefu. Si ugonjwa. Kinachotakiwa ni miwani ya kuonea karibu. Mtoto wa jicho ni jambo jingine: huo ni ukungu unaofunika vya karibu na vya mbali pia, nao huondolewa kwa upasuaji. Na jicho linalouma, lililo jekundu, au lililopoteza nuru ghafla, hilo lisingoje hata siku moja nyumbani.

Tatizo liko pia katika jina. Watu huiita "miwani ya kusomea." Mama asiyesoma kitabu akilisikia jina hilo huona halimhusu. Ni wangapi wanaopepeta mchele, wanaoshona kofia, wanaosuka, ambao wamejistaafisha wenyewe wakiwa na miaka hamsini kwa sababu tu kifaa kinachowafaa kilipewa jina la kazi ya wengine? Tunakiri kwamba na sisi katika fomu zetu tulikuwa tukiwauliza wazee, "Unasoma?" Wakijibu hapana, tulipita kwenye swali linalofuata. Siku hizi tunauliza, "Unaweza kutunga uzi kwenye sindano?"

Tulimpeleka Bi Mkubwa kwa mtaalamu wa macho, akapimwa, hakukutwa na mtoto wa jicho. Baada ya wiki tatu tulirudi Gando na miwani. Alikataa kuijaribu kwa karatasi yenye herufi. Alimtuma mjukuu darini, ukili ukashushwa pamoja na nusu ya mkeka, vumbi likapulizwa, shazia ikatolewa ndani ya kibati cha majani ya chai. Ya nguvu moja haikufaa. Ya mbili aliikubali kidogo. Alipovaa ya mbili na nusu alinyamaza, akautunga uzi mara ya kwanza, halafu akauchomoa, akautunga tena. Sisi tulijifanya tunatafuta kitu mkobani.

Kisha akaziomba picha za Kampala. Alizitazama zote tano, moja baada ya moja, karibu na uso, kama mtu anayekagua kazi ya mkwe.

"Anajua kushona," akasema hatimaye. "Hapa kauvuta sawasawa. Hapa kaulegeza makusudi, ili jani lianguke. Hapa" — akagonga kwa ukucha — "hapa uzi umeruka. Hapa alikuwa na haraka. Mwambieni."

Tuliahidi tutafikisha salamu.

Alipomaliza Kampala aliugeukia mkeka wake mwenyewe. Aliupitisha mkono juu ya mishono, akasita. Safu mbili za mwisho, zile alizozishona mwaka jana kabla ya kuacha, zilikuwa zimepinda, maua ya ukili hayakukutana, na uzi ulionekana nje kabisa. Hakuwa amejua. Aliomba kisu.

"Bibi, yaache," akasema mjukuu wake huku akicheka, "ndiyo sanaa yenyewe hiyo. Si tumeambiwa?"

"Sanaa ya Kampala," Bi Mkubwa akajibu, na kisu kikapita kwenye uzi wa kwanza. "Huu unakwenda kwa mume wako. Nipe uzi mwingine, na usogee, unanizuilia mwanga."